Meno ya paka na mbwa: mwongozo kamili wa kuyatunza nyumbani, kwa wafugaji wa Kigoma

Mbwa mwenye jino bovu huendelea kula. Ningependa kila mfugaji wa hapa kwetu alijue hili kabla ya jambo lolote, maana karibu kila ninayemwomba aangalie mdomo wa mbwa wake hunijibu hivyohivyo: "Huyu hana tatizo, ugali anamaliza." Anamaliza kwa sababu njaa ina nguvu kuliko maumivu. Atahamishia chakula upande mmoja, atameza matonge bila kutafuna, nawe ukikuta sufuria tupu utaridhika. Paka ndiye msiri zaidi. Anaweza kuishi miezi na jino linalomuuma, na dalili pekee ikawa kwamba siku hizi hajilambi vizuri na manyoya yake yamekuwa machafu.

Kazi ya meno kwa mnyama, yaani kusafisha chini ya ufizi au kung'oa, hufanywa akiwa amelazwa kwa nusu kaputi. Hakuna mbwa atakayetulia na mdomo wazi akichokonolewa ufizi huku yu macho. Hiyo ni huduma ya gharama, na kwa mtu wa Gungu au Mwandiga inaweza kumaanisha safari. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko Morogoro, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Kwa hiyo mswaki wa bei ndogo, maji safi na dakika mbili za jioni vina thamani kubwa zaidi kwetu kuliko kwa mtu mwenye kliniki mtaa wa pili.

Kinachotokea mdomoni

Saa chache tu baada ya meno kusafishwa, utando laini wa bakteria huanza kujijenga tena juu yake. Huo ndio ukoga. Ukiwa bado laini, unaondoka kwa kusuguliwa, hata kwa kitambaa. Ukiachwa siku mbili au tatu, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa mgumu, wa njano au kahawia, kama ule ukoko mweupe unaoshika ndani ya birika la chai. Ukishafika hapo mswaki hauwezi kuutoa tena. Ukoga mgumu una uso wa kukwaruza, kwa hiyo ukoga mpya hushika juu yake kwa urahisi, kisha bakteria huteremka chini ya ufizi. Ufizi hukasirika, ukavimba na kuwa mwekundu.

Mpaka hapo mambo bado yanarekebishika: ukoga ukiondolewa, ufizi hupona. Ukiachwa uendelee, mfupa unaoshikilia jino huanza kuliwa, na mfupa uliokwisha haurudi. Jino hulegea, usaha hukusanyika, mnyama hunuka mdomo. Ile "harufu ya kawaida ya mbwa" inayozungumzwa si ya kawaida. Mdomo wa mbwa mzima hauna harufu ya manukato, lakini haupaswi kunuka uozo.

Hizo siku mbili tatu ndizo zinazopanga ratiba yako. Kusugua kila siku ndiko kuzuri, na kwa uchache sugua siku moja ukiruka siku moja. Ukisugua mara moja kwa wiki, unampigisha mswaki mnyama ambaye ukoga wake umeshaganda tangu juzi.

Kabla ya kupeleka mkono mdomoni

Kichaa cha mbwa bado kipo Tanzania, nacho huambukizwa kwa mate. Kwa hiyo usianze kumsugua mbwa au paka ambaye hajachanjwa. Chanjo ya kwanza hutolewa mtoto akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba atakayokupa mtaalamu wa mifugo, na kwa wengi wetu ni kila mwaka. Mwulize afisa mifugo wa kata yako siku ya chanjo. Kila mwaka, karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, halmashauri nyingi huendesha kampeni.

Kuna hali moja ambayo hupaswi kabisa kugusa mdomo: mbwa anayetokwa udenda ghafla, taya la chini limelegea, anashindwa kumeza, sauti imebadilika, au tabia yake imegeuka na hamjui tena mwenyewe. Watu wengi huona hivyo wakadhani amekwamwa na mfupa, wakaingiza mkono kuutafuta. Usifanye hivyo. Mfungie mahali ambapo hatamfikia mtu, kisha mwite mtaalamu wa mifugo.

Ukiumwa na mnyama yeyote, hata na paka wako katika mchezo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Meno ya paka ni membamba na hupeleka bakteria ndani sana, hivyo kidonda kidogo cha paka kinaweza kuvimba vibaya kufikia kesho yake.

Watoto wa nyumbani wasaidie kushika kitafunwa na kumsifu mnyama, ila kazi ya kusugua ifanywe na mtu mzima.

Ukaguzi wa mara ya kwanza

Usianze na mswaki, anza na macho. Chagua muda ambao mnyama ametulia, jioni baada ya kula ni muda mzuri. Kaa pembeni yake, si mbele yake, shika kichwa kwa upole kutoka juu, kisha kwa kidole gumba inua mdomo wa juu upande mmoja. Huna haja ya kumfungua taya. Karibu kila unachotaka kukiona kiko upande wa nje wa meno, na ukoga mwingi hujikusanya kwenye magego ya juu, nyuma, ambako shavu hulifunika jino.

Mbwa mzima ana meno 42, paka mzima ana 30. Watoto wana meno ya utotoni: 28 kwa mbwa, 26 kwa paka. Haya huanza kung'oka yenyewe kuanzia kama miezi mitatu au minne, na kufikia miezi sita au saba yote huwa yamebadilika. Ukiokota jino dogo sakafuni usishtuke, na usilisaidie jingine kung'oka. Ila ukiona chonge mbili zimesimama sambamba mahali pamoja, la utotoni na la ukubwani, na mnyama amevuka miezi sita au saba, mwonyeshe daktari. Chakula hunasa katikati yao na lile la kudumu husukumwa nje ya njia yake. Hili huwapata zaidi mbwa wadogo wenye midomo mifupi.

Sasa tazama ufizi. Wenye afya ni wa waridi. Mbwa wengi wana mabaka meusi ya kuzaliwa kwenye ufizi, na paka wa rangi ya chungwa huota vidoa vyeusi midomoni kadiri wanavyokua. Hayo hayana neno, mradi ni bapa na hayakui kuwa uvimbe. Mstari mwekundu pale ufizi unapokutana na jino ndio dalili ya kwanza ya ugonjwa wa ufizi. Ufizi mweupe kama karatasi ni habari nyingine kabisa, ni upungufu wa damu, na katika mkoa wetu kupe ni mshukiwa wa kwanza. Huyo apelekwe kutibiwa, meno yasubiri.

Ukikuta jino lililovunjika, tazama katikati ya mahali lilipokatikia. Kidoa chekundu au cheusi pale katikati maana yake mshipa wa jino uko wazi, na hilo linahitaji daktari hata kama mnyama anakula. Jino linalovunjika zaidi kwa mbwa ni lile gego kubwa la juu la kukatia nyama. Mzizi wake ukioza, uvimbe hutokea chini ya jicho, na watu hutibu jicho kwa wiki nzima wakati tatizo ni jino.

Ukikuta meno yameshafunikwa na ukoga mgumu, ufizi unatoa damu au jino linacheza, usianze kusugua. Utamuumiza, atauchukia mswaki, na hutamrudisha tena kwenye hali ya kukubali. Huyo aanze kwa daktari, mswaki ufuate baadaye.

Vifaa

Mswaki wa mtoto wenye nyuzi laini kabisa, wa aina inayouzwa katika duka lolote Mwanga au Kigoma mjini. Kwa paka tafuta wenye kichwa kidogo zaidi, au tumia gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, iliyozungushwa kidoleni. Kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa kinafaa pia. Kila mnyama awe na wake.

Dawa ya meno si lazima. Kinachoondoa ukoga ni kusugua, na maji matupu yanatosha. Ipo dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama, yenye ladha ya kuku au nyama, na ukiipata kwenye duka la dawa za mifugo au mtu akikuletea kutoka Dar es Salaam, itakurahisishia kwa sababu mnyama huipenda. Usipoipata, chovya mswaki kwenye maji yaliyochemshiwa kichwa cha mgebuka, bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu huharibu damu ya mbwa na paka, kwa hiyo mchuzi wa nyumbani hautumiki.

Dawa ya meno ya watu usiitumie kabisa. Mnyama hajui kusukutua na kutema, atameza yote. Floraidi iliyomo humdhuru, povu humchefua, na baadhi ya dawa zina sukari mbadala iitwayo zailitoli, ambayo hushusha sukari ya mwili wa mbwa ghafla na inaweza kumuua.

Kwa nyumba za Ujiji na kwingineko ambako mate ya mbwa ni najisi, jambo hili lina njia yake na lisiwe sababu ya mbwa kuachwa na mdomo unaooza. Vaa glovu, fanya kazi nje uani, weka mswaki na kikombe cha mbwa mbali na vyombo vya nyumbani, kisha jitoharishe kama mlivyofundishwa. Kwa paka hakuna kizuizi hicho.

Kumzoesha mbwa

Watu wengi wanashindwa hapa kwa sababu ya haraka. Wananunua mswaki asubuhi, jioni wanamkaba mbwa, mbwa anang'ata, mradi umekufa. Jipe kama mwezi mzima, na usisogee hatua inayofuata mpaka hii ya sasa mbwa aione ni jambo la kawaida.

Wiki ya kwanza ni mikono tu. Gusa shavu, inua mdomo, hesabu moja mbili, achia, mpe kitafunwa. Kipande kidogo cha dagaa mkavu ambaye hajatiwa chumvi kinatosha. Fanya muda uleule na mahali palepale kila siku, maana mbwa hupenda kujua kinachofuata.

Wiki ya pili, pitisha kidole chenye kitambaa kilicholowa juu ya chonge na meno ya mbele. Akivuta kichwa, achia. Akirudi, mpe.

Wiki ya tatu rudi nyuma kwenye magego, kidole kikipita ndani ya shavu. Mdomo ubaki umefungwa, ni rahisi kwako na kwake. Mwishoni mwa wiki mwache aulambe mswaki uliochovywa kwenye maji ya samaki, bila kusuguliwa.

Wiki ya nne sugua kweli. Elekeza nyuzi za mswaki mahali jino linapokutana na ufizi, mswaki ukiwa umelala nusu, na uende kwa mizunguko midogo. Anza na magego ya juu, ambako ukoga ni mwingi, ili hata akichoka mapema uwe umeshafanya la maana. Kisha njoo mbele kwenye chonge, halafu meno ya chini. Nusu dakika kila upande inatosha. Upande wa ndani usikusumbue, ulimi hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Damu kidogo siku za mwanzo, kwa ufizi uliokuwa umekasirika, hutokea na hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, au ikiwa nyingi, acha na umwonyeshe daktari.

Mbwa wa ulinzi anayefungwa mchana na kufunguliwa usiku, ambaye hajawahi kushikwa kichwa na mtu, ni suala jingine. Kwake anza na urafiki wa miezi, si wiki. Asipokubali, usimlazimishe, mpe vya kutafuna na mkague kwa macho anapohema mdomo wazi.

Kwa paka

Paka haelewi kukazaniwa. Ukimkandamiza mara moja, kesho akiona taulo atakuwa juu ya paa. Muda wake ni ule anapokuja mwenyewe mapajani. Mgeuze akuelekezee mgongo, weka kiganja juu ya kichwa, na kwa kidole gumba vuta kona ya mdomo kidogo nyuma. Meno yatatokea bila kufungua taya. Sugua magego ya juu kwa sekunde tano tu, upande mmoja, mwache aende. Upande wa pili ufanye kesho ikibidi.

Kama ana makucha mepesi, mzungushie kanga mwili mzima abaki kichwa nje, lakini kwa kulegeza. Akianza kunguruma au kupiga mkia, umeshapitiliza.

Paka wana ugonjwa wao mmoja ambao mswaki hauutibu: jino huanza kuyeyuka lenyewe, mara nyingi pale kwenye ufizi, na nyama ya waridi inaonekana kupanda juu ya jino. Ukimgusa hapo taya hutetemeka. Linauma sana na dawa yake ni kung'olewa. Wapo pia paka ambao mdomo mzima, mpaka kooni, huwa mwekundu na wenye vidonda. Hao hulia wakipiga miayo, hukikaribia chakula kwa hamu kisha wakakimbia.

Chakula na vya kutafuna

Wengi hapa huamini dagaa husafisha meno ya paka. Dagaa ni chakula kizuri, ila hakisafishi kitu kikubwa, na dagaa walioanikwa mchangani, kama wanavyoanikwa bado kwenye baadhi ya mialo, huja na mchanga ambao ukitafunwa kila siku hulisaga jino. Waoshe mara mbili tatu, na wenye chumvi waloweke umwage maji. Wale wa kwenye chanja au nyavu ni bora zaidi.

Miba ya mgebuka na kuhe huchoma ufizi au kunasa kati ya meno. Mnyama akianza kujikuna mdomo kwa mguu wa mbele mara baada ya kula, na unamjua, amechanjwa na hana dalili nilizotaja za kichaa, mulika tochi kaakaani. Mara nyingi ni mwiba au kijiti kilichojikaza kwa upana kati ya magego mawili. Kikiwa juujuu kitoe kwa kibano. Kikiwa kimezama, au ni uzi au ndoano, usivute.

Sasa mifupa. Najua mbwa wetu wamekula mifupa tangu zamani, na najua wapo waliozeeka nayo. Lakini mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, na mfupa wa mguu wa ng'ombe, mbichi au uliochemshwa, ni mgumu kuliko jino. Huko ndiko lile gego kubwa linakovunjikia. Kipimo ni kucha yako: ukibonyeza kitu kwa kucha na hakibonyei hata kidogo, ni kigumu mno. Vinavyofaa ni mpira mnene usiomezeka, au kipande kikubwa cha ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa bila kemikali, huku ukimwangalia. Mawe, ambayo mbwa wenye kuchoka hupenda kuyabeba, myanyang'anye.

Ugali, wa mahindi au wa muhogo, hugandia kwenye meno. Sisemi uuache, ndio chakula tulichonacho. Ila usugue baada ya mlo wa jioni, si kabla, na maji safi yawepo muda wote.

Dawa za kienyeji zinazoumiza

Chumvi na magadi humpa mnyama sodiamu nyingi anapomeza. Mkaa uliosagwa hukwaruza jino. Mafuta ya karafuu, ambayo binadamu hujitulizia jino, ni sumu kwa paka. Dawa ya klorheksidini ya kuoshea mikono na vidonda ni kali mno kwa mdomo. Ile ya mdomoni ni dhaifu sana, na uitumie tu kwa maelekezo ya daktari.

Usiukwangue ukoga mgumu kwa kisu, msumari wala kucha. Jino litaonekana jeupe, lakini utakuwa umelichimba mikwaruzo itakayoshika ukoga mpya haraka, na ule ulio chini ya ufizi, ambao ndio unaokula mfupa, utaubakiza palepale.

Na maumivu: usimpe paka parasetamo. Kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Ufizi hugeuka kahawia au bluu, anahema kwa shida, uso unavimba. Ibuprofeni na diklofenaki huharibu tumbo na figo za mbwa na paka. Kama umeshampa, usingoje dalili, mpeleke sasa hivi na pakiti ya dawa mkononi.

Wakati wa kumtafuta daktari

Mpeleke bila kusubiri akiwa na uvimbe chini ya jicho au tayani, usaha, jino lililovunjika lenye mshipa wazi, jino linalocheza kwa mnyama mzima, kinyama kinachoota mdomoni, au chafya na kamasi za tundu moja la pua zisizokwisha. Kinyama usikipuuze. Mbwa wanaozurura hupata uvimbe wa kuambukizana kwa kujamiiana, nao unaweza kuota hata mdomoni kwa sababu ya kunusa na kulamba, na unatibika vizuri ukiwahiwa. Paka asiyekula siku nzima au mbili naye ni dharura, hasa mnene, kwa kuwa ini lake huharibika haraka akikosa chakula.

Anza na ofisi ya mifugo ya halmashauri yako au daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Kabla ya kulipa nauli, piga simu uulize mambo matatu: je, anaweza kumlaza mnyama kwa nusu kaputi na kumwangalia mpaka aamke? Ana vifaa vya kusafisha chini ya ufizi na kung'oa? Baada ya hapo atampa dawa gani ya maumivu? Anayekuambia atamshika tu na kamba amkwangue akiwa macho, mshukuru utafute mwingine. Akupe pia saa ya kuacha kumlisha kabla ya nusu kaputi, na mwambie dawa zote alizopewa mnyama karibuni, pamoja na zile za kupe.

Akishang'olewa, mpe chakula laini: uji mzito wa mahindi na samaki aliyetolewa miba yote, vuguvugu, bila chumvi. Vitu vigumu na mipira viondolewe. Mate yenye wekundu kidogo siku ya kwanza si ajabu, damu inayotiririka ndiyo ya kumrudishia daktari. Usisugue karibu na kidonda mpaka daktari akague na kuruhusu, mara nyingi ni baada ya wiki mbili hivi, ila upande mwingine wa mdomo, akikubali na daktari akiruhusu, unaweza kuendelea nao kesho yake. Mbwa au paka aliyebaki na meno machache, au asiye nayo kabisa, hula vizuri na hunenepa. Aliyekuwa akiteseka ni yule aliyekuwa nayo yote yakiwa yameoza.